Mdaiwa wa Tatu

Mtu nisiyemjua aliingia ofisini kwetu akiwa amemkumbatia jogoo kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa, akaniuliza, "Samahani dada, wewe ndiye uliyenishtaki?"

Nilikuwa peke yangu. Ofisi yetu ya msaada wa kisheria ni chumba kimoja ghorofa ya tatu, Mchafukoge, juu ya duka la vitambaa la ami Hamud, na jengo halina lifti. Mgeni alikuwa mpana wa mabega, jasho linamtiririka kwa sababu ya ngazi. Jogoo alikuwa mwekundu, mkia mweusi, na alinikazia jicho moja bila kupepesa.

"Mimi simshtaki mtu," nilisema. "Nasaidia tu kuandaa madai. Hata uwakili sijaapishwa."

"Lakini hati imetoka hapa. Imeandikwa mdaiwa wa kwanza, Anselmi Kalinga. Anselmi ndiye mimi."

Nilisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yangu. Chuoni tulifundishwa mengi kuhusu kukaa mbali na upande wa pili wa shauri, lakini hakuna mwalimu aliyetaja jogoo.

"Kaka Anselmi, huruhusiwi kuwa hapa. Una wakili. Ukiwa na neno, mwambie yeye."

"Wakili ni wa bosi, dada. Mimi nina swali moja tu, nikijibiwa naondoka." Alimhamishia jogoo mkono wa pili. "Mama Scholastika ananitukana?"

"Anakutukana?"

"Eeh. Akinitaja anasemaje? Anasema mla mbwa? Anasema mlevi wa ulanzi, kichwa kama kinu? Chochote tu, niambie."

Nilifikiri. Tangu tufungue shauri, mama Scholastika alikuwa akimtaja kwa adabu kamili, na adabu hiyo nilimfundisha mimi. "Hapana," nilijibu kwa fahari kidogo. "Hajakutukana hata siku moja. Anakuita mdaiwa wa kwanza."

Uso wake ukaporomoka. Alikaa juu ya boksi la karatasi, machozi yakaanza kumtoka na kudondokea mgongoni mwa jogoo.

"Basi amekasirika," alisema. "Amekasirika kweli kweli."

Sikumwelewa hata kidogo.

Mama Scholastika alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la ami tangu mimi sijaanza shule. Sare zangu zote alishona yeye, na kila sketi aliacha pindo nene akisema, "Hili la kurefuka, Huda. Usituaibishe, refuka." Ni Mngoni wa Peramiho, na kicheko chake kilikuwa kinasikika mpaka ng'ambo ya barabara kabla ya siku ile ya kirikuu.

Siku hiyo kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ilitokea upande wa soko la Kariakoo mchana kweupe, ikayumba, ikapanda barazani. Cherehani ilirushwa mpaka katikati ya barabara. Mguu wa kulia wa mama Scholastika, ule wa kukanyagia, ulivunjika. Dereva alikuwa Anselmi, na alikuwa amelewa. Trafiki walimpima, kesi ya jinai ikaisha kwa faini na kunyang'anywa leseni. Faini ikaenda serikalini. Mguu ukabaki kwa mwenyewe, na uliunga vibaya. Daktari alisema bila kupasuliwa tena hatakanyaga cherehani maishani mwake. Ndiyo maana tulifungua shauri la madai, kudai fidia kwa Anselmi na kwa bosi wake, Steven, mwenye gari.

Bosi akaweka wakili. Utetezi wao ulikuwa wa ajabu, na ulinikosesha usingizi: kwamba mdai alikwisha kumsamehe dereva palepale barazani, mbele ya watu, kwa maneno yake mwenyewe. Aliyesamehe hawezi kurudi kudai.

"Nilisema, ndiyo," mama Scholastika aliniambia nilipomuuliza. "Lakini yule ni Mhehe, mwanangu. Mimi Mngoni. Ni mtani wangu yule."

Mimi ni binti wa Kiarabu niliyekulia Mchafukoge. Utani naujua kama kila mtu anavyoujua: babu zao walipigana vita, wajukuu wamebaki kutupiana maneno, Mhehe akiitwa mla mbwa, na kwenye misiba mtani hulala kaburini akidai alipwe ndipo atoke. Lakini sikuona jambo kama hilo litakaaje mbele ya hakimu. Niliipenda mno sheria. Niliiona kama nyumba safi, watu huvua viatu mlangoni. Kwa hiyo nilimwambia, "Mama, mahakamani hatutanii. Tukienda kiutani watasema hatuumwi. Tuwe na heshima." Akanitazama, akasema, "Haya, mwanangu," na tukaanza mazoezi ya heshima.

Sasa mdaiwa wa kwanza alikuwa analia juu ya boksi langu la karatasi.

"Wakili anataka niseme yale maneno yalikuwa ya kweli tupu," alisema. "Bosi kaongeza kwamba nikisema vingine nisirudi. Na leseni sina, dada, napakia mizigo tu kwake. Sasa mimi..."

"Usiniambie!" Niliziba masikio. "Usiniambie utakachosema! Mimi ni upande wa pili!"

"Haya, sikwambii." Alijifuta uso kwa bega. "Basi nipokelee huyu. Ni wa mtani wangu."

"Siwezi kupokea jogoo kutoka kwa mdaiwa!"

"Humpokei wewe. Unamshikia tu. Nikimpelekea kitandani atasema nimemletea ubani wa msiba. Niahidi kitu kidogo, dada. Asichinjwe, asiuzwe, mpaka mtani wangu aje kumchukua kwa miguu yake mwenyewe. Na akija, umkabidhi mkononi."

Ningeweza kukataa. Lakini alisema "kwa miguu yake mwenyewe" kwa sauti ya mtu anayeomba dua, na mimi nilikuwa nalilia jambo hilohilo kwenye kila ukurasa wa hati ile. Niliweka mkono juu ya meza.

"Nakuahidi," nilisema, na sikuwa natania.

Jioni nilimpigia mama Scholastika, nikamweleza kwamba ana jogoo, na sharti lake.

"Mkubwa?" aliuliza.

"Mkubwa sana."

"Mhehe huyo," alisema, akakata simu.

*

Jogoo nilimpa jina la Mdaiwa wa Tatu.

Siku ya kwanza ami Hamud alipanda mwenyewe baada ya kusikia kuwika juu ya kichwa chake. Ami ni mtu wa swala tano na duka moja, na vyote viwili havipendi kelele.

"Huda. Nini hiki?"

"Amana, ami. Nimewekewa nimtunze."

Neno amana lilimbana. "Amana hailiwi," alikiri. Halafu Mdaiwa wa Tatu akashuka ngazi bila kuaga, akaingia dukani, akaruka juu ya robota la vitenge vipya, akajisaidia kwa utulivu mkubwa. "Hailiwi," ami alisema, "lakini mbona inanya?"

Vile vitenge nilivinunua mimi. Mpaka leo nina mapazia ya ofisi, kava la kompyuta na gauni, vyote vya rangi moja.

Kila Ijumaa ami alikuja na hoja mpya. Kwamba sheria ya dini inaruhusu mtunza amana kula kidogo akiwa na njaa. Kwamba pilau la mchele wa Mbeya linasikitika bila kuku. Nilimjibu kwa aya za sheria ya mikataba, akanijibu kwa kusema nilipoteza miaka chuoni.

Mdaiwa wa Tatu alikula mabaki ya sambusa na hakuwa na saa maalumu ya kuwika. Aliwika wateja wakiwa katikati ya huzuni zao. Dada mmoja alikuja kuomba talaka, analia hawezi kumaliza sentensi, na kila alipotaja jina la mumewe jogoo aliwika. Mara ya nne alianza kucheka, akacheka mpaka akalala juu ya meza, na ndipo akaweza kunieleza kila kitu. Nilipokuwa naandika, jogoo alikuja kukaa juu ya miguu yangu chini ya meza, mzito, wa moto, anapumua. Sikujua kwamba mtu anaweza kupendwa na jogoo. Mtu anaweza.

*

Siku ya kusikilizwa shauri, mama Scholastika alikuja kwa magongo mawili, amevaa gauni la bluu alilolishona kabla ya ajali. Kwa kuwa mimi si wakili, yeye mwenyewe ndiye angezungumza, na mimi ningekaa nyuma nimefunga mdomo. Kwenye ngazi za mahakama tulikutana na Anselmi. Alisimama mbele yake, akasubiri, uso wazi kama sahani.

Mama Scholastika alinitazama. Nilitikisa kichwa: heshima.

"Habari za asubuhi, mdaiwa wa kwanza," alisema.

Anselmi alinywea. Yule mtu mpana akawa mwembamba mbele ya macho yangu.

Ndani, hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa mkufu. Mama Scholastika alitoa ushahidi wake vizuri, kama tulivyofanya mazoezi. Kisha wakili wa upande wa pili, kijana aliyependeza mpaka viatu, akamwita Kitwana, muuza kahawa wa mtaani kwetu.

"Siku ya ajali ulisikia mdai akisema nini?"

"Mheshimiwa, alikuwa chini, meza ya cherehani iko juu yake. Dereva ameshuka analia. Mama akamuuliza, wewe kabila gani? Akasema Mhehe. Mama akasema..." Kitwana alikohoa, akaiga sauti yake: "'Nimekwisha! Babu zako walishindwa kutumaliza kwa mikuki, sasa wamekutuma na kirikuu! Haya mtani, nimekusamehe, hunidai sikudai, chukua na mguu wa pili ukawape mbwa zako!'"

Watu walianza kucheka. Wakili alinyanyua kidole. "Nimekusamehe, hunidai sikudai. Hapo panatosha."

Akamwita Anselmi. Anselmi alijibu akitazama viatu vyake. Ndiyo, maneno hayo yalisemwa. Ndiyo, aliyasikia. Alipoulizwa kama ni maneno ya kweli, alisema kwa sauti ndogo, "Sijui, mheshimiwa. Labda."

Sasa zamu ya mama Scholastika kumhoji. Alisimama kwa magongo yake.

"Mdaiwa wa kwanza, je, ni kweli kwamba siku ya tukio ulikuwa ukiendesha chombo cha moto?"

"Ni kweli, mdai."

"Je, ni kweli kwamba wewe na mimi ni watani wa jadi?"

"Ni kweli, mdai. Kwa kabila."

Wakili alisimama akitabasamu. "Mheshimiwa, tunaambiwa hawa ni watani. Mahakama imewaona tangu asubuhi. Wanaongea kama watu waliokutana benki. Utani uko wapi? Maneno yalikuwa ya dhati, na leo yanageuzwa."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. "Tutaendelea saa nane mchana," alisema. "Shahidi bado yuko chini ya kiapo. Asizungumze na mtu."

*

Tulikaa kwa mama lishe nje ya uzio. Sikuweza kumeza wali. Heshima yangu, ile niliyoifundisha kwa wiki kadhaa, ilikuwa inatuua, na wakili alikuwa anaichukua mkononi mwangu na kuitumia kama kisu. Nikakumbuka boksi la karatasi. *Ananitukana?* Mtu mzima amepanda ngazi za ghorofa tatu na jogoo mkononi, anatafuta tusi lake, na mimi nikamwambia halipo.

"Mama," nilisema. "Sahau yote niliyokufundisha."

"Yote?"

"Yote. Mtukane."

Kijiko chake kilisimama hewani. "Mahakamani, Huda?"

"Mahakamani. Muulize yaleyale, lakini muulize kama mtani. Mahakama haiwezi kuamini kitu ambacho tumekificha kabatini."

Uso wake ulifunguka taratibu kama duka asubuhi, komeo moja baada ya lingine. "Mwanangu," alisema, "haya matusi nimekaa nayo moyoni tangu ulete adabu yako. Yameniuma kuliko mguu."

Akamaliza wali wake, na wangu.

Saa nane Anselmi alirudi kizimbani. Mama Scholastika alisimama, akaweka gongo moja chini ili mkono mmoja uwe huru wa kusemea.

"Wewe Mhehe," alianza.

Anselmi alinyanyua kichwa kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka ng'ambo ya mto.

"Naam, Mngoni!"

"Siku ile ulikuwa unakwenda wapi mbio vile? Ulisikia kuna mbwa wanauzwa kwa jumla?"

Wakili aliruka. "Mheshimiwa, napinga!"

Hakimu alishusha miwani. "Swali lina sehemu mbili. Shahidi ajibu ya kwanza."

"Nilikuwa napeleka mzigo Buguruni, mheshimiwa. Na ya pili, mbwa hawakuwepo."

"Mimi nilikuwa barabarani au barazani?"

"Barazani. Lakini na wewe, Mngoni! Nyinyi mlitoka Afrika Kusini mnakimbia, mkavuka mito yote mpaka Songea. Mbio zote zile, ukashindwa kukwepa kirikuu?"

"Nilikuwa nimekaa! Mhehe gani aliwahi kumpata Mngoni aliyesimama? Ndiyo maana ukamvizia aliyekaa kwenye cherehani!"

"Kukaa kweli ulikaa," alisema Anselmi, na sasa alikuwa anacheka na machozi yanamtoka kwa pamoja. "Ukutani kabisa. Hata kichaa hawezi kusema ulikuwa barabarani."

Wakili alifunga faili moja taratibu. Humo ndimo mlikuwa na hoja yao ya pili, kwamba cherehani ilitokeza njiani. Mimi nilikuwa nimejiuma ngumi nisipige vigelegele.

"Ulikuwa umekunywa nini?"

Kicheko kilikatika. Anselmi alishika ukingo wa kizimba.

"Bia, mtani. Kisha nikachanganya na kali. Tulikuwa tunasherehekea kontena la bosi." Alimtazama Steven aliyekaa mstari wa mbele, akamtazama kwa muda, kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuruka. "Bosi aliniona nayumba. Akanipa funguo. Akasema mzigo hausubiri."

Steven aligeuka rangi. Anselmi hakunyamaza.

"Nilikosea. Si utani huu. Mpaka leo nikisikia kizibo kinafunguliwa naiona cherehani yako inaruka. Sijaonja tena, na sitaonja."

Mama Scholastika aliliegemea gongo lake.

"Na kulia ulilia," alisema kwa upole.

"Nililia."

"Ulilia kuliko mimi niliyevunjika. Watu wa kubeba machela walikuja wakakushika wewe."

Kicheko kilirudi kama umeme uliokatika. Karani alikuwa ameinamisha uso kwenye meza, mabega yanacheza.

"Swali la mwisho. Mimi nilisema nimekusamehe. Wewe ulinijibuje?"

Anselmi alimgeukia hakimu. "Mheshimiwa, lazima nijibu hilo?"

"Lazima."

"Nilimwambia..." Alikuna shingo. "Nilimwambia usife mtani, usipokufa nitakuoa. Uwe mke mdogo. Mahari nitatoa mbwa watatu."

Hakimu alimwita Kitwana asimame alipo. "Ulisikia hayo?"

"Niliyasikia, mheshimiwa. Nilishangaa sana. Birika langu limemwagika, watu wanapiga kelele, na wale wawili wanaposana."

Hakimu alivua miwani kabisa. "Wakili msomi, nisaidie. Kama msamaha wa siku ile ulikuwa wa dhati, basi na posa ya siku ile ilikuwa ya dhati. Niandike shauri la madai, au niandike ndoa?"

"Usiandike ndoa, mheshimiwa!" Anselmi alipaza sauti. "Mke wangu yuko pale nyuma!"

Mwanamke mmoja mstari wa mwisho akapunga mkono, na hapo utulivu wa mahakama ulipotea kabisa. Hakimu aligonga meza, akagonga tena, na alipopata kimya sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Mimi ni Mzaramo," alisema. "Siku ya msiba wa baba yangu, Mnyamwezi mmoja alilala kaburini akadai soda ya baridi ndipo atoke. Tulimpa. Hakuna aliyeniambia kwamba alikuwa anadai urithi. Nitatoa hukumu tarehe itakayopangwa."

Nje ya lango Steven alimwambia Anselmi maneno manne, asirudi tena kazini kwake, akaingia garini. Anselmi alibaki amesimama kwenye jua. Mama Scholastika alimwendea kwa magongo yake.

"Haya, Mhehe. Kazi huna. Utakula nini, na mbwa wa mjini wamekusikia wote wamehama?"

"Nitakuja kula kwako, mke mdogo."

Walicheka wakiwa wameshikana mikono, na mke wake Anselmi akacheka, na mimi nikalia kwa furaha mbele ya askari wa lango, akaniuliza kama nimefungwa.

*

Tulishinda. Hukumu ilisema mengi, lakini mimi nakumbuka moja: kwamba maneno ya utani si risiti. Steven alinung'unika, akalipa. Mama Scholastika alipasuliwa mguu kwa mara ya pili, ukanyooshwa. Cherehani mpya ikawekwa barazani, na Anselmi, ambaye sasa alikuwa anasukuma mkokoteni Kariakoo, aliileta mwenyewe bure, akitukanwa njia nzima kuanzia sokoni mpaka dukani.

Na siku moja simu yangu ililia. "Usishuke kunipokea," mama Scholastika alisema. "Napanda."

Nilisikia fimbo kwenye ngazi, kisha kiatu, kisha fimbo. Chini kabisa Anselmi alikuwa anapiga kelele, "Mngoni! Hizo ni ngazi tu, si Milima ya Livingstone!" na yeye anamjibu kati ya pumzi, "Nyamaza, dereva wa mkokoteni!" Mdaiwa wa Tatu alikuwa juu ya miguu yangu. Alinyanyua shingo, akasikiliza.

Mama Scholastika alipotokea mlangoni alikuwa amelowa jasho, na amesimama wima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yuko wapi mtu wangu?" Aliinama, akatazama chini ya meza. "Amenenepa! Jumapili tunakula. Mke wa mtani analeta mboga, mimi nasonga ugali, na ami yako atachinja ili wote tule."

Ami Hamud alikuwa amemfuata nyuma. "Mimi?" alisema. "Nimchinje huyu?" Alimtazama jogoo, akatazama dirisha. "Jumapili nadhani mgongo utakuwa unaniuma."

"Ami, wewe ndiye uliyekuwa unataka pilau!"

"Hiyo ilikuwa zamani, kabla hatujazoeana."

Anselmi alikuwa amefika mlangoni naye, anahema. Aliniona nilivyomshika yule jogoo, akaacha kucheka. "Dada," alisema polepole, "ukimwomba mtani atakuachia. Hata mimi nakuruhusu. Uniambie tu."

Nilijua angeniachia. Ningesema neno moja, na Mdaiwa wa Tatu angelala juu ya miguu yangu mpaka uzee wake. Na kweli nililitafuta neno hilo. Lakini kwa miezi nilikuwa nimesimamia jambo moja, kwamba yapo maneno mtu husema akicheka, na yapo mengine. Lile la kwangu nililisema mkono ukiwa mezani, na mtu aliyelipokea alikwenda mahakamani akasema la kwake, likamgharimu kazi.

Nilimbusu kichwani. Akanidonoa puani.

"Mama," nilisema, "mwenye miguu yake amekuja. Huyu hapa." Nikamkabidhi mkononi.

Alimkumbatia kwa mkono mmoja, akagundua kwamba mkono wa pili umeshika fimbo na hautabaki wa kushikia ukuta. Aliitazama ile fimbo, akanitazama mimi.

"Nishikie hii," alisema. "Jumapili utaniletea. Na ukija ulie mapema umalize, chakula kisipoe."

Akaanza kushuka, mkono mmoja ukutani, mkono mmoja una jogoo, Anselmi akitangulia kinyumenyume mbele yake amefungua mikono yote miwili na kumtukana kwa kila ngazi. Nilibaki juu na fimbo yake, pua inaniwasha, nikisikiliza miguu miwili ikishuka.